Usiangushe: Safari ya Kufuata Kipande cha Mwisho cha Filamu Bubu

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: mmoja kwenye foleni ya benki, mwingine kanisani kwa kunong'ona, wawili kwa simu wakati ugali wangu uko jikoni. Nimechoka kusimulia vipande. Naandika yote hapa mara moja, na habari za kukata tiketi na kuomba ruhusa kazini naziacha kwa sababu hazina utamu wowote.

Mwanjelwa, kabla ya kuondoka

Kwa asiyemjua, Ambokile ni fundi wa redio na simu pale Mwanjelwa, Mbeya. Miaka miwili iliyopita alinunua mashine ya sinema ya zamani kwa wauza vyuma chakavu. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kopo bapa la bati, na ndani ya kopo mkanda wa filamu unaonuka siki, kama inukavyo mikanda inayoanza kuoza. Akanipigia.

"Mwandishi, funga hivyo vitabu vyako uje uone kitu."

Nilishuka kwa miguu kutoka mtaani kwangu, Soweto ya hapohapo Mbeya, nikamkuta ametundika shuka ukutani. Taa ya mashine ikawaka, na akatokea bwana mmoja mwembamba kama fito, mwenye kofia ya duara na masharubu ya kubandika. Amebeba keki ya harusi ya ghorofa tano. Anatakiwa aifikishe kanisani, na kanisa liko juu ya kilima. Hakuna sauti. Hakuna hata maandishi. Mbuzi anamfuata. Mwendesha baiskeli anamzunguka mara tatu. Anateleza kwenye matope, anapiga magoti, lakini mikono yake inabaki juu kama ya mtu anayevuka mto na mtoto mchanga. Keki inayumba, haianguki. Anafika kwenye ngazi za kanisa, anapanda moja, mbili, tatu, na hapo pua inaanza kumwasha. Anakunja uso. Anafumba macho. Kinywa kinafunguka kwa chafya, na filamu inakatika. Ukutani pakabaki peupe tupu.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha kwa miaka miwili sikupata raha, kwa sababu kuna mtu mahali fulani alikuwa na chafya isiyotoka, na keki mikononi.

Tuliingia kwenye kundi la wakusanyaji wa filamu za kale, watu wasiofika ishirini, walio Tanga, Arusha, Nairobi na mbali zaidi, na wengi wao hawajawahi kuonana. Hakuna aliyemtambua bwana wa keki. Hakuna aliyejua jina la filamu wala nchi ilikotengenezwa. Mzee mmoja wa Tanga, tunayemwita Katibu kwa sababu hapendi mambo ovyo, alitafuta miezi mitatu katika orodha zake, akaandika: "Inawezekana hii ni nakala pekee duniani."

Mniwie radhi nikae hapo kidogo. Mmeniuliza kwa nini mtu mzima ahangaike na kichekesho ambacho hata enzi zake huenda hakikuchekesha wengi. Filamu maarufu haimhitaji mtu. Ina nakala elfu, ina watu wa kuisifu na kuisafisha. Hii ingeoza ndani ya kopo lake, na yule bwana, magoti yake, mbuzi wake, wangekuwa kama hawakuwahi kuwepo. Mkusanyaji hapati usingizi kwa ajili hiyo. Anajua kwamba watu wale wamebakiwa na mlango mmoja, na mlango huo ni yeye. Halafu kuna ukimya wenyewe. Mtu alianguka kwenye matope miaka mia iliyopita, katika lugha nisiyoijua, na mama muuza nyanya wa Mwanjelwa aliyekuja kuchaji simu akacheka palepale palipokusudiwa achekwe. Mimi naandika riwaya. Najua ilivyo vigumu kumchekesha hata jirani.

Kwenye kifuniko cha kopo mtu alikwaruza kwa msumari: *Mwinj. Elia*. Ambokile alipiga picha kifuniko, akaituma kwa wanakwaya, wanakwaya wakaisambaza kwa wanakwaya wenzao, na mwezi uliopita akapiga simu msichana anayeitwa Upendo kutoka kijiji kimoja mbele ya Kalenga, mkoani Iringa. Babu yake, marehemu Mwinjilisti Elia, ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini na sinema ya misheni.

"Bibi anasema kipande cha mwisho kipo," Upendo alisema. "Amekitunza vizuri. Ila mje kabla ya Jumamosi."

Hatukuuliza Jumamosi kuna nini. Tulikuwa tunarukaruka katikati ya simu mbovu za watu. Katibu aliandika maneno mawili tu ya kutuaga: "Kileteni kizima."

Mbeya hadi Igurusi: tulipokwama

Alhamisi asubuhi tuliondoka na baridi la Mbeya mifukoni. Ambokile alipakata kopo kama mtoto mgonjwa. Zawadi ya Bibi ilikuwa mkungu wa ndizi kutoka kwao Tukuyu, ambao kondakta aliutazama kwa huzuni kabla ya kuusukumia chini ya basi.

Tulishuka kuelekea Usangu, joto likapanda, na karibu na Igurusi basi likasimama. Lori la mpunga lilikuwa limelala katikati ya barabara na magunia yametawanyika. Dereva wetu alizima injini, akavua viatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatuendi popote.

Jirani yetu wa kiti alikuwa mfugaji, Mzee Masanja, Msukuma ambaye baba yake alihamia Usangu na ng'ombe yeye akiwa mtoto. Alilitazama kopo saa nzima.

"Biskuti hizo?"

"Filamu, mzee."

"Fungua basi, tuone."

Ambokile alisita, halafu akanyanyua kipande cha mkanda dhidi ya dirisha. Mzee Masanja akasogeza jicho.

"Huyu mtu amepigwa picha mara ngapi? Hana kazi?"

Kicheko kilianzia kiti cha nyuma. Nikajikuta nimesimama kwenye njia ya basi nikisimulia hadithi nzima, keki, mbuzi, kilima, mpaka chafya. Niliponyamaza, abiria walikasirika kweli.

"Ikawaje?"

"Hatujui. Ndiko tunakokwenda kutazama."

"Keki imeanguka," alisema mama mmoja mwenye kuku kwenye kapu. "Hakuna keki ya kupona hapo."

"Haianguki," alisema Mzee Masanja. "Mtu aliyebeba kitu toka bondeni hakiangushi mlangoni. Mimi nimeswaga ng'ombe toka Shinyanga."

"Wewe uliswaga? Si umesema ulikuwa mtoto mgongoni?"

"Mgongoni ndiko nilikokuwa naona vizuri."

Kwa saa tatu basi liligawanyika, upande wa kuanguka na upande wa kutoanguka. Tulikula wali wa mpunga mpya wa pale kijijini, na Mzee Masanja akatununulia maziwa mgando kwenye chupa, kwa sharti kwamba tukijua mwisho tumpigie simu. Lori lilipoondolewa hakuna aliyefurahi sana.

Makambako, kwenye upepo

Makambako tulifika jioni, upepo ukivuma kama una ugomvi na mtu. Tulikuwa tumeshachelewa gari la mbele, kwa hiyo tulilala hapo. Mama wa mgahawa alitupa viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi, akaona kopo, akauliza kama tunauza dawa. Ambokile akasema ni sinema ya harusi. Mama akatupongeza, akatuwekea sahani moja, na kesho yake akakataa kabisa kuamini kwamba hatujaoana.

"Mtazoeana," alimwambia Ambokile.

"Mama, huyu dada anaandika vitabu. Nani atamweza?"

Safari nzima ya Mafinga, kati ya misitu ya misonobari iliyopangwa kama mistari ya daftari, Ambokile alikuwa bado anacheka.

Ipogolo na kupanda

Ijumaa kabla ya saa sita tulishuka Ipogolo, chini ya mlima ambao mji wa Iringa umekalia. Hatukupanda mjini hata kunywa maji. Tulichukua bodaboda mbili, moja ya watu na moja ya ndizi, tukapita Kalenga, tukaacha lami. Dereva wa ndizi alitangulia, akapotea, akakutwa nyumbani kwa mchungaji akiwa ameshaugawa mkungu nusu. Aliambiwa apeleke kwa "watu wa kanisa", na yeye akapeleka kwa mkubwa wao. Mchungaji alitushukuru sana. Tulipokea nusu iliyobaki kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Bibi Yudita alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mdogo, amefunga kitambaa kichwani.

"Kamwene," alitusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Bibi," tulijibu, Ambokile kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa.

"Wanyakyusa na ndizi zenu. Mlidhani huku hatuli?"

Upendo alileta ugali, maharage na mboga za maboga, na togwa kwenye kikombe cha bati. Nilikula bila kusikia ladha. Macho yangu yalikuwa yakizunguka chumbani yakitafuta kopo. Palikuwa na picha ya Mwinjilisti Elia akiwa na koti pana, kabati, redio, na juu ya kabati kikapu kikubwa cha milulu, yale majani marefu ya majimaji ambayo akina mama wa huku hufumia vikapu vyao. Nimeona vikapu vingi vya Iringa. Hiki kilikuwa na mistari sita myeusi inayong'aa, imezunguka kuanzia tumboni hadi mdomoni, na kila mstari umebanwa na nyuzi za milulu.

"Bibi, kikapu kizuri hiki," nilisema, kwa adabu tu.

"Kizuri kweli," alisema Ambokile.

Upepo ukaingia, ikaja harufu ya siki. Ambokile aliacha tonge hewani. Akainuka, akakisogelea, akaweka jicho kwenye mstari mmoja.

"Mungu wangu. Kizuri mno."

Mstari ule ulikuwa filamu.

Kikapu

Bibi alitueleza bila haraka. Kila alipoonyesha filamu ile, Elia alikuwa na mtindo wake: chafya ikikaribia anasimamisha mashine, bwana wa keki anaganda ukutani kinywa wazi, na Elia anawageukia watu. "Niambieni, itaanguka?" Na kijiji kizima kinapiga kelele: usiangushe. Filamu yenyewe huku waliiita hivyo, *Usiangushe*. Ila taa ya mashine ni moto. Kwa kugandishwa palepale, kijiji baada ya kijiji, mkanda uliungua kidogokidogo mpaka ukakatika. Kipande kilichobaki, kama dakika moja hivi, Elia akakiweka kwenye kopo lake peke yake. Mashine na kopo kubwa vilikwenda na misheni walipofunga kituo. Kopo dogo likabaki uvunguni.

"Na maandishi, Bibi? Filamu za hivi huwa na vibao vya maneno."

"Alivikata. Nani angesoma Kizungu? Na vilikuwa vinamkatiza akisimulia. Watoto wa shule ya Jumapili walivitumia kuwekea alama kwenye vitabu vya nyimbo."

Niliwaza ndugu zetu wa kundi, miezi yao yote ya kutafuta jina, na jina lenyewe limekaa kwenye ukurasa wa wimbo fulani mpaka likawa vumbi.

"Mwaka huu nikakosa rangi nyeusi nzuri," Bibi aliendelea. "Nikakumbuka kopo. Nikasema nitamfuma Elia humu. Mkitaka, fumueni. Chenu."

Ambokile aliniangalia kwa macho ya mtu aliyepewa ufalme. Alishatoa mkasi mdogo wa kazi yake.

"Mita saba hivi," alinong'ona. "Nzima, dada. Siki imeshaanza kuila, mwakani itakuwa majivu. Bibi mwenyewe amesema."

Na mimi, nikiri, nilikuwa nimeshashika mdomo wa kikapu. Nilikuwa tayari.

Nilitoka nje kunawa mikono kwanza. Upendo alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, anasugua mahali palepale palipokwisha ng'aa.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "kwa nini mlikisifu mara tatu?"

"Vipi?"

"Kwa Bibi, mgeni akisifu kitu mara tatu, anapewa. Hata kama ni blanketi la kitandani. Mlisifu mara tatu. Nilihesabu nikiwa jikoni."

"Na kikapu ni cha nani?"

"Changu. Kesho wakwe wanakuja kunichukua. Bibi anaweka mbegu humo, mahindi na maharage, nakwenda nazo Makambako. Amekifuma miezi minane. Vidole vyake mmeviona. Hafumi kingine."

Nilirudi mbio ndani. Ambokile alikuwa ameinamia mstari wa juu, ncha ya mkasi iko chini ya uzi wa kwanza.

"Ambokile, acha."

"Uzi mmoja tu, nijaribu."

"Acha. Kikapu cha harusi ya Upendo. Bibi anatupa kwa sababu tumesifu."

Alishusha mkasi polepole. Hasira yake haikuwa ya kelele. "Miaka miwili," alisema. "Na tutaenda kuwaambia nini wenzetu? Kwamba tuliiona ikiondoka na mahindi ndani?"

Nilikaa chini na kikapu mapajani, jua la saa tisa likiingia mlangoni. Nikakigeuza ili nisimtazame usoni. Mwanga ukapita kwenye mstari wa chini, na pale kati ya uzi na uzi, mdogo kuliko ukucha, nikamwona bwana wa keki kinywa wazi. Nikakigeuza kidogo. Kinywa kimefungwa. Nikakigeuza tena. Kofia yake imeruka.

"Ambokile. Inasomeka. Lete kioo chako cha kukuzia."

Tulitandika kitambaa cheupe ndani, tukaweka simu ya Bibi yenye tochi kali katikati, na yeye mwenyewe akakizungusha, polepole, kwa vidole vile vilivyopinda. Ambokile alipiga picha kipande kwa kipande, mzunguko baada ya mzunguko, toka tumboni hadi mdomoni. Upendo alitushikia kanga kuzuia upepo. Hakuna aliyemwambia Bibi kwamba zawadi yake tumeikataa. Tulimwambia tunakopi, naye akasema vizuri, Elia alikuwa anapenda kukopi mahubiri ya wenzake.

Jumamosi

Asubuhi Ambokile alikuwa amezipanga picha kwenye simu, si zote, moja kati ya nne. Tulikaa wanne mkekani. Filamu ilicheza kama mtu anaitazama kupitia uzio, maana nyuzi za milulu zilikuwa zinapita mbele yake. Lakini alikuwepo. Bwana alipiga chafya. Kofia iliruka, ikazunguka, ikatua juu ya ghorofa ya tano ya keki. Keki haikuanguka. Nilimkamata Ambokile mkono mpaka akalalamika.

Kisha mlango wa kanisa ukafunguka na akatoka mwanamke wa nguo nyeupe, anakimbia, anatazama nyuma. Akamwona bwana. Akachovya kidole kwenye keki, akalamba. Akashika upande wa pili, na wawili hao wakashuka ngazi na keki yao, wanayumba, wanaondoka, hadi wakawa wadogo.

"Ndiye yule," alisema Bibi. "Dada yake. Amekuja kumsaidia mzigo."

Ambokile alikohoa. "Bibi, huyu ana shela. Huyu ni bi harusi. Anatoroka."

"Elia alisema ni dada yake."

"Elia alikuwa mwinjilisti, Bibi. Angewaambia nini watu?"

Bibi aliomba aone tena. Akaisogeza simu karibu na pua. Alitazama mara mbili, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka cha mtu aliyedanganywa miaka sitini na mume aliyempenda.

Upendo hakucheka. Alikuwa amekaa na kikapu chake mbele yake, mbegu zimeshajaa nusu.

"Kwa hiyo Bibi umenifumia harusi iliyovunjika."

Nje tulisikia gari la wakwe likipanda kilima na honi zake. Mimi nilijiona mwizi. Tungekaa kwetu, msichana huyu angeondoka na dada mwema kwenye kikapu.

Upendo akanyoosha mkono. "Nipe." Akaichezesha peke yake, tangu chafya. Alipofika mwisho aliirudisha nyuma, akaisimamisha pale wawili wameshika keki, kila mmoja upande wake.

"Wamepanda na kitu, wakashuka nacho," alisema hatimaye. "Hakuna kilichoanguka." Akamrudishia Ambokile simu, akainua kibaba cha maharage, akaendelea kujaza. "Lakini wakwe wakiuliza, ni dada yake."

"Ni dada yake," alisema Bibi akifuta machozi.

Waliingia na nyimbo, wakamchukua mchana ule na kikapu mapajani, kwenye kiti cha mbele, upande wa jua.

Tulirudi Mbeya Jumapili. Njiani nilimpigia Mzee Masanja, akanifanya nirudie mara mbili ili mama wa kuku, ambaye kumbe ni jirani yake, asikie. Nyumbani tulituma picha zote kwenye kundi, pamoja na jina. Watu walifurahi kupita kiasi, kwa saa nzima simu haikutulia. Kisha akaandika Katibu. Hakupongeza. Aliuliza yale anayouliza kila mara: upana wa mkanda, hali ya mkanda, na mkanda wenyewe halisi uko wapi sasa, kwa nani, na lini utaweza kusafirishwa.

Ambokile alichukua simu. Nilimwona akiandika na kufuta, akiandika na kufuta. Mwishowe akaandika maneno mawili, akaiweka simu kifudifudi mezani na kuwasha pasi yake ya kuunganishia nyaya.

"Imeolewa Makambako."